Mtazamaji Amesimama Wapi?

Mwanafunzi akichora mpango wa filamu yake, maoni anayopewa mara nyingi kuliko yote ni haya: "Hii imekaa kitamthilia mno." Mwalimu anayesema hivyo huwa ameona jambo la kweli, ila alichokiona hakukitaja. Mwanafunzi anaondoka na karatasi yake, anaongeza nyuso kubwa mbili tatu, anapunguza maneno, anairudisha, na filamu iliyomo ndani ya michoro ile inabaki vilevile. Hoja ya makala haya ni kwamba michoro iliyozaliwa jukwaani haiharibiwi na uigizaji uliomo. Inaharibiwa na mahali alipowekwa mtazamaji. Mrejesho usiomwezesha mwanafunzi kupaona mahali hapo unamfundisha kutii tu, na kutii anakujua tayari.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika, storibodi ni karatasi iliyogawanywa visanduku, kila kisanduku kikiwa na picha moja ambayo kamera itakuja kuipiga. Chini yake huandikwa kinachosemwa, kinachosikika, na sekunde ambazo picha itadumu. Mishale huonyesha mtu anaelekea wapi au kamera inasogea vipi. Haidai mkono wa mchoraji. Watu wa vijiti, kichwa duara na miguu miwili, wanatosha. Utaratibu huu ulipata umbo lake katika studio ya Walt Disney mwanzoni mwa miaka ya 1930, wachoraji walipoanza kubandika michoro ukutani kwa mpangilio ili hadithi nzima ionekane kabla fedha hazijaanza kutumika. Filamu fupi Three Little Pigs ya mwaka 1933 ni miongoni mwa kazi za mwanzo zilizopangwa hivyo. Satyajit Ray wa India, alipoandaa Pather Panchali iliyotoka mwaka 1955, alitembea na daftari la michoro badala ya muswada kamili. Akira Kurosawa wa Japani aliipaka rangi filamu yake Ran, picha baada ya picha, miaka kadhaa kabla ya kupata mtu wa kuigharamia.

Karatasi ina thamani zaidi mahali kama Myamba, kata ya milimani katika Wilaya ya Same, nchi ya tangawizi na migomba inayotazama tambarare za Mkomazi kutoka juu. Shule zetu za sekondari haziruhusu mwanafunzi kukaa na simu. Kwa hiyo anayetaka kujifunza kutengeneza video ataiona kamera kwa saa chache, kwenye simu ya mwalimu au ya mzazi, pengine Jumamosi moja. Muda wote uliobaki ni wa penseli. Na mlango wa kuingilia kwenye filamu, kwa mwanafunzi huyo, ni tamthilia: vitabu vya fasihi vya darasani, ngonjera, igizo la mahafali, kikundi cha klabu ya shule. Storibodi itakayochorwa pale itakuwa imetoka jukwaani, mwalimu apende asipende. Swali ni atakachoifanyia.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye historia ya kweli ndani yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anataka kutengeneza filamu ya dakika tano juu ya mbiru, kodi iliyowatoa Wapare majumbani mwao katikati ya miaka ya 1940. Kodi ile, waliyoikubali machifu chini ya serikali ya kikoloni, ilipimwa kwa mali ya kila mtu, na kupima mali ya mtu maana yake ni kuja kuihesabu. Mwaka 1945 wanaume waliteremka kutoka milimani kwa umati hadi makao makuu ya wilaya, Same, wakapiga kambi. Mwaka uliofuata, huko Usangi, Upare ya Kaskazini, wanawake nao waliandamana, wakamkabili ofisa wa kikoloni kwa maneno makali kuhusu waume zao waliokaa mbali na nyumba. Baadaye kodi ile iliachwa. Isaria Kimambo, mwanahistoria ambaye mwenyewe ni mtoto wa Upare, aliitungia kitabu kilichotoka mwaka 1971. Tuseme shule imeigiza kisa hiki kwenye mahafali, kikapigiwa makofi, na sasa mwanafunzi wetu amekaa na rula, anachora visanduku kumi na viwili.

Katika kisanduku cha kwanza kuna meza katikati. Karani amekaa, chifu amesimama kulia kwake, mzee wa kijiji kushoto. Wote watatu wanaonekana kuanzia utosini hadi unyayoni, na wote wametugeuzia uso, hata karani anayezungumza na mzee. Kisanduku cha pili ni meza ileile, mzee amenyanyua mkono. Katika cha tatu mke wa mzee ameingia kutoka kushoto. Mpaka cha tisa meza haijahama. Chini ya michoro maneno yamejaa: mzee anaeleza kodi ni nini, chifu anaeleza kwa nini ilipwe, kijana anakuja mbio kueleza kwamba wenzao wamekwisha kushuka Same. Katika cha kumi na mbili wote wamesimama mstari mmoja, wanaimba.

Ni tamthilia, hakuna wa kubisha. Lakini ukiwa na haraka ya kuiita hivyo utakosa kugundua kwamba visanduku vyote kumi na viwili vimechorwa kutoka kiti kimoja, kile cha safu ya mbele ukumbini siku ya mahafali. Mwanafunzi amechora kwa uaminifu kabisa alichokiona, kutoka alipokionea. Filamu yenyewe, ilipokuwa changa, ilikaa kwenye kiti hichohicho. Georges Méliès, Mfaransa aliyemiliki ukumbi wa mazingaombwe jijini Paris, alipotengeneza Le Voyage dans la Lune mwaka 1902, aliiweka kamera pale ambapo angekaa mteja aliyelipia kiti kizuri cha katikati, kisha akaiacha hapo. Wataalamu wake wanasafiri hadi mwezini na kurudi, sisi hatunyanyuki. Karibu zaidi na nyumbani, filamu zilizokuja kuitwa Bongo Movie zilipata waigizaji wake wengi kutoka vikundi vya maigizo vya televisheni. Mwigizaji Steven Kanumba, kwa mfano, alipitia Kaole Sanaa Group, kikundi kilichojulikana kupitia ITV. Malalamiko ya watazamaji juu ya filamu nyingi za kipindi kile, kwamba ni sebule na sofa na watu wawili wakielezana mambo ambayo tungependa kuyaona, ni malalamiko yaleyale ya meza yetu isiyohama. Sizibezi. Ziliuzwa mpaka vijijini na zilipendwa. Nataka tu kuonyesha kwamba mwanafunzi wa Myamba amekutana na tatizo lililowasumbua watu wazima wenye kamera na fedha.

Hapa mwalimu hukosea mara ya pili, na kosa hili ni zito kuliko la kwanza. Anaposema "kitamthilia" ana maana ya ukumbi wenye upande mmoja ulio wazi, pazia mbele, watu wamekaa kwa safu. Ukumbi huo tuliletewa na shule za wakoloni. Ngoma haichezwi hivyo, majigambo hayatolewi hivyo, mtambaji wa ngano hakai hivyo. Wanakaa katikati ya watu. Aliyesimama nyuma ya mchezaji anauona mgongo wake, jasho lake, na ng'ambo ya pili anaziona nyuso za watazamaji wenzake; mtoto anapenya katikati ya miguu ya wakubwa; aliyechoka jua anahamia kivulini na mchezo unabadilika machoni pake. Waandishi na walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliliona hili zamani. Ebrahim Hussein alirudi kwa mtambaji mmoja katika Jogoo Kijijini, iliyochapishwa mwaka 1976. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na vijana wa kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, ambako matatizo ya kijiji yaliigizwa mbele ya wanakijiji wenyewe kwa ngoma na maigizo, kisha yakajadiliwa na waliokuja kutazama. Mtu aliyesimama kwenye duara la aina hiyo hana kiti. Anahama kufuata kinachomvutia, na kamera hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo ushauri wenye faida kwa mwanafunzi wetu ni kumrudisha kwenye tamthilia, ndani zaidi. Aliigize upya onyesho la meza katika uwanja wa shule, wenzake wakiwa duara, naye akiwa hana nafasi ya kuigiza. Kazi yake ni kutembea. Apite nyuma ya karani, achuchumae, asimame begani kwa mzee, apande kingo ya shamba iliyo juu ya uwanja atazame chini. Akifika mahali ambapo kitu kinamgusa asimame, achore kutoka hapo. Nyuma ya karani ataona ukurasa wa daftari na vidole vya mzee vikiegemea meza. Akiwa amechuchumaa ataona viatu vya karani na miguu mitupu ya mzee chini ya meza moja. Na milima ya Upare inampa bure kitu ambacho watengeneza filamu wa mjini hukodi mitambo kukipata: picha ya kutoka juu. Mtu akiteremka njia ya mteremko, kamera iliyobaki kwa mke wake juu kilimani inamwona akipungua hadi anapotea. Zoezi zima linamaliza kipindi kimoja na halihitaji umeme.

Tamthilia ina msaada mwingine ambao mwalimu mwenye haraka huufuta. Akimwona kijana anayekuja mbio kutoa habari za Same, ataandika pembeni: "Tuonyeshe huo umati." Ni ushauri unaosikika kama wa kitaalamu, nao hautekelezeki, maana mwanafunzi ana wenzake kumi na sare za shule. Jukwaa limelikabili tatizo hili kwa karne nyingi. Shakespeare, katika Henry V, anamleta msimulizi mwanzoni kuwaomba watazamaji walijaze jukwaa kwa fikra zao, kwa kuwa hawezi kuwaletea majeshi mawili. Mtu wa jukwaa anajua kwamba umati unaweza kuwa sauti, unaweza kuwa vumbi, unaweza kuwa uso wa mtu mmoja anayeutazama. Mwanafunzi aliyeanzia kwenye tamthilia anaweza kuchora mama amesimama mlangoni, macho yakifuata kitu tusichokiona, huku chini ya kisanduku pameandikwa: hatua za watu wengi, hazikatiki, sekunde kumi. Huo ni umati, na umegharimu mwigizaji mmoja. Aliyeambiwa tu "punguza tamthilia" hatafika hapo.

Hata suala la maneno mengi, ambalo kweli ni ugonjwa wa storibodi za aina hii, lina dawa yake ndani ya uigizaji. Katika Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyotoka mwaka 2001, Amandina Lihamba, yuleyule wa Malya, anaigiza Samehe, mgonjwa aliyekaa miaka mingi bila kusema. Msanii aliyejengwa na jukwaa amepewa nafasi ambayo uzito wake uko usoni na mwilini. Waigizaji wanajua kunyamaza; mara nyingi ni waandishi wasiojua. Mwanafunzi akiombwa aigize kisanduku cha tano bila neno hata moja, ataona mwenyewe ni sentensi ipi mwili ulikwisha kuisema na ni ipi bado inahitajika. Zile zilizobaki baada ya jaribio hilo zina haki ya kubaki, hata zikiwa ndefu.

Sasa namna ya kuyasema haya. Wengi huamini kwamba maoni yoyote ya mwalimu ni afadhali kuliko kunyamaza, lakini ushahidi hauungi mkono imani hiyo. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichambua tafiti nyingi juu ya mrejesho wakakuta kwamba, katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapitia, mrejesho ulishusha ufanisi wa aliyeupokea. Ulidhuru hasa ulipoyageuza macho ya mtu kutoka kwenye kazi yake na kuyaelekeza kwenye nafsi yake: mimi ni hodari, mimi ni mjinga. Miaka minane kabla yao, huko Israel, Ruth Butler aliwagawa wanafunzi wa darasa la tano na la sita mafungu matatu. Wengine walipewa alama peke yake, wengine maoni peke yake, wengine vyote viwili. Waliopata maoni peke yake walisonga mbele na hamu yao ikabaki. Waliopata vyote viwili hawakufanya vizuri kuliko wale wa alama tupu, maana mtoto akishaona sita kwa kumi hana tena haja na maandishi yaliyo pembeni yake.

Mrejesho wa storibodi basi uanze na mwalimu kusema alichokiona yeye kama mtazamaji, kabla hajasema kama ni kizuri au kibaya. Kwa mfano wetu angeweza kuandika: "Katika kisanduku cha nne namwona mzee na karani kwa umbali mmoja, ukubwa mmoja. Maneno yananiambia mzee anaogopa, mchoro haujaniambia. Hapa nimesimama upande wa nani?" Au hivi: "Katika cha saba mke wa mzee yuko pembeni kabisa, hasemi kitu, lakini nimemtazama yeye kuliko wote. Ulikusudia?" Maoni haya mawili yana kazi tofauti. La kwanza linaonyesha pengo. La pili linamwambia mwanafunzi kwamba amefanya kitu kizuri ambacho pengine hakukijua, na kwamba filamu yake huenda ni ya mwanamke yule na wala si ya mzee. Sifa ya namna hiyo ina manufaa kuliko "hongera, kazi nzuri", kwa sababu imetaja kisanduku.

Mbinu za jinsi hii zina wataalamu wake. Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, alibuni mwaka 1990 utaratibu wa hatua nne: waliotazama waseme kilichowagusa, msanii aulize anachotaka kujua, waliotazama waulize maswali yasiyobeba hukumu, na mwisho ndipo yaje maoni, tena kwa ruhusa ya msanii. Hatua tatu za kwanza zinafaa darasa lolote la Same. Ile ya ruhusa naiona haina maana kwetu. Mwanafunzi anayemwamkia mwalimu shikamoo kila asubuhi hatamwambia jioni kwamba maoni yake hayahitaji. Na heshima hiyo ndiyo inayoifanya hatua ya kwanza kuwa muhimu kwetu kuliko kwa Lerman. Mwalimu akitangulia na "hapa weka uso mkubwa", jibu ni "ndiyo, mwalimu", na uso mkubwa utawekwa. Nani ataulizwa baadaye kwa nini upo pale? Mwalimu akisema "sikujua mzee anaogopa", kijana hana cha kutii. Inambidi afikiri.

Wapo watakaosema maswali haya ni amri zilizovalishwa kanzu: mwalimu anajua anachokitaka, anajifanya kuuliza, na mtoto anapoteza muda kubahatisha jibu. Pingamizi hili ni la haki, na maswali mengi ya darasani yanastahili lawama hiyo. Njia ya kuikwepa ni kutenganisha makosa na maamuzi. Mwanafunzi akichora bendera ya Tanganyika huru ukutani kwa karani wa mwaka 1945, hilo ni kosa, aambiwe waziwazi na lifutwe, kumuuliza "unadhani bendera hii inatuambia nini?" ni kumzungusha. Vivyo hivyo na kanuni za kiufundi. Watu wawili wakizungumza, kamera ikibaki upande mmoja wa mstari unaowaunganisha, mmoja ataendelea kutazama kulia na mwenzake kushoto. Ikivuka upande wa pili bila sababu, wote wataonekana wanatazama upande mmoja na mtazamaji atachanganyikiwa. Hakuna haja ya kumwachia mtoto aigundue kanuni hii mwenyewe. Aelezwe kwa dakika tano, aonyeshwe kwa wanafunzi wawili waliosimama, basi. Swali libaki kwa yale ambayo mwalimu kweli hana jibu lake: filamu hii ni ya nani, tumwogope nani, tukae wapi.

Pingamizi la pili ni la idadi. Darasa lina wanafunzi sitini au zaidi, mwalimu mmoja, na mitihani ya taifa inakaribia. Maoni marefu kwa kila kisanduku ni ndoto, na sidhani kama yangefaa hata kama muda ungekuwepo. Visanduku vitatu vinatosha: kimoja ambacho mtazamaji alipotea, kimoja kilichomshika, kimoja ambacho mwanafunzi mwenyewe ameomba kitazamwe. Michoro ibandikwe ukutani kama walivyofanya wale wa Disney, wanafunzi wapite wawili wawili, kila jozi iandike alichoona mmoja na alichoona mwenzake. Wakitofautiana, mchoraji amepata habari ambayo mwalimu peke yake asingempa.

Wapo pia wanaohofu kwamba mwalimu wa Kiswahili au wa historia hana utaalamu wa filamu wa kumwezesha kumkosoa mtu. Anao wa kutosha. Amefundisha miaka yote kwamba mgogoro lazima uwe na pande mbili, kwamba mhusika hujengwa kwa matendo, kwamba maelekezo ya jukwaani nayo ni sehemu ya matini. Zaidi ya hayo, watu wenye utaalamu wa kisa chenyewe huenda wasiwe shuleni kabisa. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na wafanyakazi wa pale. Mazoezi yalifanywa mahali pa wazi, na wanakijiji walisahihisha maandishi ya wasomi, hasa jinsi wazee wanavyopaswa kuzungumza. Serikali iliufungia mchezo baada ya wiki chache, na siku ya mwisho ya mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa. Mchezo uliosahihishwa na wenyewe ulikuwa umefika mahali ambapo mchezo wa wasomi peke yao haungefika.

Storibodi ina nafuu hata kuliko muswada wa Kamĩrĩĩthũ, kwa kuwa haidai kusomwa. Bibi aliyesikia habari za mbiru kutoka kwa mama yake anaweza kuwekewa visanduku kumi na viwili juu ya mkeka, akaelewa kila kimoja, akauliza ambalo halikumjia mwalimu wala mwanafunzi: hawa waliokaa Same siku zote hizo, chakula chao kilitoka wapi, na aliyewapelekea alipita njia gani? Hapo filamu inaweza kuiacha meza ya karani kabisa ikamfuata mtu mwenye mzigo kichwani. Mwalimu asiogope mabadiliko makubwa namna hiyo. Kwenye karatasi yanagharimu kifutio. Yakija siku ya kupiga picha, simu imeazimwa na jua linazama, yanagharimu filamu nzima.

Linabaki suala la alama, ambalo wakuu wa shule na wazazi hawatakubali liachwe, nami siwalaumu. Kazi isiyopewa alama, wanafunzi huisukuma nyuma ya zile zenye alama. Matokeo ya Butler hayasemi alama zifutwe. Yanasema zisikae kwenye karatasi moja na maoni. Mchoro wa kwanza urudishwe ukiwa na maoni tupu, mwanafunzi apewe wiki ya kuchora upya, na alama ziwekwe kwenye mchoro wa pili, ule wa kwanza ukiwa umebanwa nyuma yake.